Kocha Bora ni Nani: Aliyepanda au Aliyevuna?

NKOMA, Mbale. Wafanyabiashara wanaovusha mizigo Malaba na Busia kisha kuipeleka Soroti wanaijua Nkoma. Ni mtaa wa Mbale ambako gari likishika barabara ya Kumi, mlima Wanale hubaki nyuma na safari ya Teso huanza. Wachache wanakumbuka kwamba jina hilo liliwahi kutajwa kwa shangwe kando ya Mto Nile, katika soka ya wanawake.

Ilikuwa Septemba 2016. Timu za taifa za wanawake za Afrika Mashariki na Kati zilikusanyika katika uwanja wa FUFA wa Njeru, ng'ambo tu ya mto ukitoka Jinja. Siku ya fainali Tanzania Bara, iliyokuwa ikiitwa Kilimanjaro Queens, iliifunga Kenya mabao 2-1. Kocha aliyerudi Dar es Salaam na kombe hilo alikuwa Sebastian Nkoma.

Mtu huyo na mtaa huu wa Mbale wamefanana majina tu. Lakini ushindi wake unafungua swali ambalo kila mwisho wa msimu huzua mabishano kwenye vibanda vya chai, kutoka Jinja hadi Bungoma. Tuzo ya kocha bora wa soka ya wanawake inapotolewa, inampima nani na kwa mizani gani? Na kocha aliye mbali na miji mikuu, anayewafundisha wasichana kwenye uwanja wa shule, ataionja lini?

Swali hili si la wapenda mpira peke yao. Kwa kocha, tuzo ni kama jina zuri sokoni. Mwenye jina hupigiwa simu na klabu ya nchi jirani, na asiye na jina hubaki palepale hata kama kazi yake ni njema kuliko ya wengine.

Makombe manne, makocha wanne

Tuanze na hesabu. Kati ya 2016 na 2022 mashindano ya CECAFA ya timu za taifa za wanawake za wakubwa yalifanyika mara nne. Mwaka 2016 alishinda Nkoma akiwa na Tanzania. Mwaka 2018 mjini Kigali kombe lilibaki Tanzania, safari hii chini ya Bakari Shime. Mwaka 2019 mjini Dar es Salaam Kenya ya David Ouma iliwafunga wenyeji 2-0 katika fainali. Juni 2022 mashindano yakarudi Njeru, na Uganda ya George Lutalo ikaifunga Burundi 3-1.

Makocha wote wanne ni wanaume. Hakuna anayewanyang'anya sifa zao, maana kila mmoja alilifanyia kazi kombe lake. Lutalo aliipeleka Crested Cranes hadi fainali za Afrika nchini Morocco mwaka huohuo, mara ya pili kwa Uganda kufika huko baada ya mwaka 2000. Hata hivyo hesabu hiyo inaonyesha jinsi kiti cha kocha mkuu kilivyo mbali na wanawake, hata katika mchezo unaochezwa na wanawake.

Mashindano ya 2016 yalikuwa na upande mwingine. Wenyeji Uganda waliongozwa na Majidah Nantanda, aliyekuwa nahodha wa Crested Cranes kisha akawa mwanamke wa kwanza kuifundisha timu hiyo. Safari yake iliishia nusu fainali mbele ya Tanzania ya Nkoma. Kombe halikupatikana, lakini wasichana waliokuwa wakitazama kutoka Jinja na Njeru waliona kwa macho yao mwanamke akisimama kando ya uwanja na kutoa maagizo.

Miaka saba baadaye uwanja huohuo ulishuhudia jambo jingine. Agosti 2023 Njeru iliandaa mashindano ya klabu za ukanda wa CECAFA ya kutafuta timu ya kwenda Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika. JKT Queens ya Tanzania na CBE ya Ethiopia zilimaliza fainali bila bao, na JKT ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Kocha wake alikuwa Ester Chabruma, mwanamke aliyewahi kuichezea Twiga Stars. Aliyekuwa mchezaji jana alikuwa kocha bingwa wa ukanda leo.

Mizani ya tuzo

Tuzo za kila mwaka za makocha wa soka ya wanawake zipo za ngazi tatu. Ya juu kabisa ni ya FIFA, iliyoanza kutolewa mwaka 2010. Chini yake ipo ya CAF kwa Afrika. Ya tatu ni ya nyumbani, inayotolewa na mashirikisho, ligi na vyama vya waandishi wa michezo. Uganda, kwa mfano, FUFA imekuwa na usiku wake wa tuzo tangu 2015.

Katika tuzo ya FIFA kura hugawanywa mafungu manne yaliyo sawa: makocha wa timu za taifa, manahodha wa timu za taifa, waandishi wa habari na mashabiki. Kila fungu lina asilimia 25. Kwa hiyo kura za mashabiki wote wa dunia kwa pamoja zina uzito uleule wa kura za manahodha.

Matokeo ya kura hizo yanafundisha. Katika tuzo 15 za mwaka 2010 hadi 2024, wanawake walishinda 12 na wanaume watatu. Sarina Wiegman wa Uholanzi peke yake alishinda nne katika kipindi hicho, na Silvia Neid wa Ujerumani tatu. Sasa linganisha na viti vyenyewe. Katika Kombe la Dunia la 2023 zilishiriki timu 32, na ni 12 tu zilizokuwa na kocha mkuu mwanamke.

Maana yake ni kwamba wanawake ni wachache kwenye viti lakini ni wengi kwenye jukwaa la washindi. Mfanyabiashara anaielewa hesabu ya namna hii mara moja. Mzigo mdogo ukileta faida kubwa kila msimu, mwenye duka mwerevu hauachi uishe. Anaagiza mwingine.

Lubumbashi na kocha kutoka Morocco

Tuzo iliyo karibu zaidi na wasomaji wa ukanda huu ilipatikana mwaka 2024, na njia yake ilipitia Lubumbashi. TP Mazembe ilimwajiri Lamia Boumehdi, kocha kutoka Morocco, kufundisha timu yake ya wanawake. Novemba 2024 timu hiyo ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika kwa kuifunga AS FAR bao 1-0. Fainali ilichezwa Morocco, nchi ya kocha mwenyewe, dhidi ya klabu ya nchi yake. Mwezi uliofuata mjini Marrakech CAF ilimtangaza kuwa kocha bora wa wanawake wa mwaka.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Boumehdi alitunzwa kwa kwenda kucheza kwa wenzake, akarudi kupokea tuzo kwao. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo kazi iliyompa heshima hiyo ilifanyika ndani ya Jumuiya, katika mji ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mitaani.

Wapo pia waliovuka mipaka yetu wenyewe. Mwaka 2022 Simba Queens ya Dar es Salaam ilimkabidhi timu Charles Lukula, kocha kutoka Uganda. Mwaka huohuo klabu hiyo ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, jambo ambalo hakuna klabu ya ukanda wa CECAFA iliyokuwa imelifanya kabla.

Kabla ya Boumehdi, tuzo ya Afrika ilikuwa kama mali ya Desiree Ellis wa Afrika Kusini. Alishinda ya 2018, 2019, 2022 na 2023. Wanaomwona na suti jukwaani huenda hawajui alikoanzia. Mwaka 1993, Afrika Kusini ilipocheza mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ya wanawake, Ellis alikuwa akifanya kazi ya kuchanganya viungo vya nyama. Aliomba ruhusa kwenda kucheza, na kazi hiyo ikampotea. Timu yake ilishinda 14-0 dhidi ya Swaziland, yeye akafunga mabao matatu, akarudi nyumbani bila ajira. Ilimchukua miaka 25 kufika kwenye tuzo ya kwanza ya kocha bora.

Mama anayeuza samaki Busia, au dada anayevusha nguo za mitumba akiwa na mtoto mgongoni, hahitaji kuelezwa hadithi hiyo mara mbili. Siku moja ya kutokuwapo kazini inaweza kugharimu kazi yenyewe.

Barabara ya Bukedea

Turudi Nkoma. Ukishika barabara ya Kumi kutoka hapa, muda si mrefu unafika Bukedea. Huko ndiko nyumbani kwa Amus College, timu ya shule iliyopanda hadi Ligi Kuu ya Wanawake ya Uganda. Endelea mbele hadi Soroti, utakuta Olila High School, timu nyingine ya shule iliyowahi kucheza ligi hiyohiyo. Soka ya wanawake ya mashariki imejengwa hivyo, kwenye viwanja vya shule, na wachezaji ambao asubuhi wako darasani.

Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2019/20, ambao haukumalizika kwa sababu ya korona. Mabingwa waliofuata hadi 2024 walikuwa Lady Doves ya Masindi, She Corporates, Kampala Queens na Kawempe Muslim. Watatu kati ya hao wanne ni wa Kampala. Hakuna hata mmoja wa mashariki.

Hapo ndipo mizani inapopinda. Kwa kawaida tuzo ya kocha bora ya ligi humfuata bingwa. Kocha wa timu iliyomaliza ya tano, hata kama timu yake ilipanda daraja mwaka jana, hata kama wachezaji wake watatu wamechukuliwa na klabu kubwa katikati ya msimu, hujikuta nje ya orodha. Ni sawa na biashara ya mahindi. Anayesifiwa kwa faida ni mwenye lori lililofika Nairobi, wala si mkulima wa Bulambuli aliyepalilia na kuvuna.

Timu ya shule ina tatizo lake la pekee. Msichana akimaliza masomo anaondoka. Kila mwaka kocha huanza upya na kikosi kisichojuana, ilhali klabu ya mjini inawapokea wale aliowakomaza. Akipimwa kwa pointi peke yake, kocha huyo ataonekana wa wastani maisha yake yote.

Si kwamba kocha wa shule hawezi kung'ara. Ayub Khalifa Kiyingi aliijenga Kawempe Muslim, timu iliyotokana na shule ya sekondari ya Kampala, hadi ikatawala soka ya wanawake nchini. Mwaka 2019 aliiongoza timu ya Uganda ya wasichana chini ya miaka 17 kutwaa kombe la COSAFA nchini Mauritius, Uganda ikiwa mgeni mwalikwa. Lakini Kawempe ni Kampala. Waandishi wako karibu, makao ya shirikisho yako karibu, na mechi yake haihitaji basi la saa tano.

Ng'ambo ya mpaka mambo yanafanana, na hata majina yanafanana. Kenya nayo ina Mbale yake, makao ya kaunti ya Vihiga. Kutoka kaunti hiyo ndogo ilitoka Vihiga Queens, iliyotwaa ubingwa wa klabu wa CECAFA mwaka 2021 na kwenda Cairo katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika ya kwanza kabisa. Mbale mbili, pande mbili za mlima mmoja wa Elgon, na upande mmoja umeshaonyesha kwamba timu ya mbali na jiji kuu inaweza kufika.

Na kwa wanaodhani kulea vijana hakuna malipo, yupo Mildred Cheche. Mwaka 2024 aliipeleka timu ya Kenya ya wasichana chini ya miaka 17 kwenye Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya ya soka kufika Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote, na haikurudi mikono mitupu, maana iliifunga Mexico. Wale walikuwa watoto wa shule, na waliowafikisha pale walianza nao mbali na kamera.

Leseni na cheti cha bidhaa

Mfanyabiashara mdogo wa mpakani anajua faida ya karatasi moja sahihi. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizokubaliwa na umezalishwa ndani ya Jumuiya, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Bila cheti hicho, mzigo uleule huwa maneno mengi.

Kwa kocha, karatasi hiyo ni leseni ya CAF. Zimepangwa kwa herufi, D ikiwa ya chini, kisha C, B na A. Aliyepata leseni hiyo Uganda anatambulika nayo Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo. Jumuiya ina makubaliano ya kutambuliana taaluma kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Makocha hawamo, lakini leseni ya CAF inawafanyia kazi hiyo uwanjani.

Ikibaki, ni njia ya kuingilia nchini. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010 na inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada za vibali vya kazi. Kwingineko kocha bado hulipia kibali, na klabu ndogo ya wanawake huiona gharama hiyo ni kubwa.

Kwa hiyo kocha wa Mbale ana milima miwili ya kupanda. Wa kwanza ni leseni, ambayo inataka ada, nauli na siku kadhaa za kuacha kazi nyingine. Wa pili ni jina, na jina huletwa na tuzo. Aliyekosa leseni hawezi kuajiriwa na klabu kubwa, asiyeajiriwa na klabu kubwa hashindi ligi, na asiyeshinda ligi hapati tuzo. Mwanamke hukutana na mlima wa tatu, maana mara nyingi ndiye pia mlezi wa nyumba, na kozi ya wiki mbili mjini humlazimu kutafuta wa kubaki na watoto.

Mizani nyingine inawezekana

Yapo mambo ambayo waandaaji wa tuzo wanaweza kuyafanya bila kuongeza hata shilingi. La kwanza ni kutenganisha tuzo ya bingwa na tuzo ya kocha. Bingwa ana kombe lake tayari. Kocha bora anaweza kupimwa kwa hatua aliyoipiga: timu ilianza wapi, imefika wapi, na ilikuwa na nini mkononi.

La pili ni kuhesabu wachezaji waliolelewa. Orodha ya timu ya taifa ikitangazwa, shule na uwanja wa kwanza wa kila mchezaji hujulikana. Tuzo ya kocha mlezi ingekwenda kwa aliyemfundisha msichana akiwa na miaka 14, na si kwa aliyempokea akiwa na miaka 20 peke yake.

La tatu ni kura. Ikiwa FIFA inawapa makocha na manahodha nusu ya kura zote, ligi za nyumbani nazo zinaweza kuwauliza waliocheza dhidi ya timu hizo. Nahodha aliyekwenda Bukedea akatoka na sare anajua vizuri kuliko mtu yeyote kazi iliyofanyika kule.

Na wafanyabiashara wana sehemu yao. Mashindano yakija Njeru, fedha huonekana Jinja siku hiyohiyo: vyumba hujaa, chakula huuzwa, bodaboda hazilali. Jezi na viatu vinavyovaliwa na timu nyingi za shule hupitia mikononi mwao, vingi vikiwa mitumba iliyopita Malaba. Chama cha wauzaji wa soko moja, kikichanga kidogo kila mwezi, kinaweza kumlipia kocha mmoja mwanamke ada ya leseni ya chini. Kocha huyo akipanda, wasichana wa mtaa wanapanda naye, na ligi inayotazamwa huleta wateja.

Jioni barabara ya Kumi hujaa malori yanayotafuta pa kulala, na viwanja vya shule hubaki na vumbi la mazoezi. Nkoma mmoja ameshachukua kombe Njeru. Nkoma wa pili, huu wa Mbale, umekaa kwenye njia ya kwenda Bukedea, na basi la timu ya shule linapopita hapa kwenda Kampala, ndani yake yupo kocha ambaye jina lake halijawahi kusomwa jukwaani. Aliyepanda anajulikana na wachezaji wake. Kilichobaki ni waandaa tuzo kuja hadi shambani.